Banda la mbwa msimu wa kipupwe: blanketi kuukuu au majani ya mpunga?

Jamani kusi limeshaanza kuvuma huku Pemba na mbwa wetu wa shamba wanalala nje, mie nimejaribu vyote viwili, nakwambieni nilichokiona.

Blanketi kuukuu ni rahisi, halikosekani nyumbani, unakunja unatia bandani basi, na siku ya kwanza mbwa anajilaza vizuri kabisa. Tatizo maji. Akirudi karowa mvua blanketi linanyonya yale maji yote na kwa unyevu wa hewa yetu halikauki upesi, usiku mzima analalia kitu kibichi cha baridi, yaani bora hata ubao mtupu, na ukiliwacha siku tatu nne linanuka na viroboto wanazaliana humo humo. Inaniuma sana nikiona mbwa anatetemeka juu ya blanketi na mwenyewe anaamini kamsaidia.

Majani ya mpunga baada ya mavuno ni bure. Tia mengi, mbwa anachimba anajizungushia, ile hewa iliyonasa kati ya majani ndo inayoshika joto la mwili wake, na maji yanachuruzika chini. Ila yawe makavu kweli, yakianza kuota ukungu toa yote, mie nabadilisha kila wiki mvua zikizidi.

Kwa mbwa mzee anayelala barazani pakavu blanketi nalikubali, mradi lifuliwe. Bandani ni majani tu, na banda liinueni kwa matofali, mlango utazame kaskazini kusi lisimpige.