Alilipata bomba linalovuja, akaniharibia korido

Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haikupoa, basi naandika hivyo hivyo.

Koridoni kwangu kuna mstari mwekundu wa rangi ya kupuliza, unatoka mlango wa jikoni hadi karibu na bafu. Haukuchorwa na mtoto. Umechorwa na kijana wa kampuni ya kutafuta maji yanayovuja, aliyetoka Arusha na gari na vifaa vyake, nami nikamlipa laki mbili na nusu. Kampuni siitaji jina, sitaki kesi uzeeni. Marumaru zangu si zile za kung'aa. Nilichagua za kukwaruza kwa makusudi, maana miguu yangu na sakafu ya utelezi havipatani. Ndiyo sababu rangi imezama kwenye vitundu vyake na haitoki. Thina nimepaka, mafuta ya taa nimepaka, binti yangu kaleta dawa ya kusafishia choo. Umefifia ukawa wa pinki, basi.

Ngoja niwaeleze ilikuwaje, msije mkasema bibi huyu analalamika bure.

Ninaishi Soweto, hapa Moshi. Masika yalipokuwa yanaelekea ukingoni, ukuta wa chumba changu ulianza kulowa kwa chini. Rangi ikabambuka, unga mweupe wa chumvi ukachomoza kwenye plasta, nguo za kabatini zikanuka ukungu. Mafundi wa mtaani, mmoja baada ya mwingine, wakaniambia kitu kimoja: "Mwalimu, hiyo ni mvua, ardhi imeshiba, subiri ikauke." Nikasubiri. Kiangazi kikaingia, vumbi likatimka barabarani, ukuta wangu bado umelowa.

Bili ndiyo iliyonizindua. Nimezoea uniti 12 au 13 kwa mwezi, siku hiyo napokea ujumbe wa uniti 41. Nilifundisha hesabu darasa la saba miaka mingi, hiyo haikuhitaji kalamu. Uniti moja ni lita 1,000. Zilizozidi ni kama lita 28,000, ndoo kubwa za lita 20 zipatazo 1,400, zimekwenda wapi? Maji yetu ya chemchemi za Nsere na Shiri ni matamu, sikatai, lakini sikuyalipia yanyweshe msingi wa nyumba.

Nikafunga koki zote, nikaenda kuinamia mita. Pale kwenye uso wake kuna kigurudumu kidogo chenye meno, maji yakipita hata kidogo kinazunguka. Kilikuwa kinazunguka polepole, bila haya. Mvua haizungushi mita. Nikahamia chooni: nikatia unga wa juisi nyekundu kwenye tangi, nikakataza mtu kuvuta maji kwa nusu saa. Kama mpira wa ndani ungekuwa umechoka, rangi ingeteremka kwenye bakuli. Bakuli likabaki jeupe. Hivyo viwili ni bure kabisa, afanye mtu yeyote kabla hajaita fundi. Watu wa maji walipokuja walisema kuanzia kwenye mita kuja ndani ni mzigo wangu, na hilo ni kweli, sibishani nalo.

Sasa mafundi. Hawa wa mtaani wana adabu ya kutosha. Wanavua viatu, shikamoo mwalimu, watoto hawajambo, chai wanakunywa na kushukuru. Na kwa adabu hiyo hiyo wakanipasulia ukuta wa bafu unaopakana na chumba changu. Wakabadilisha tii, wakabadilisha koki, wakafunga tefloni mpya, wakapaka saruji ya kuzuia maji, wakaziba. Mita ikaendelea kuzunguka. Wakapasua tena, safari hii juu kidogo. Wakatoka wameniombea baraka na mimi nimebaki na kifusi. Mwingine akaja na kamera ya joto iliyochomekwa kwenye simu, akanionyesha ukuta wangu una rangi ya buluu na zambarau, akasema, "Unaona mama, maji hayo." Kamera ile inaona ubaridi wa uso wa ukuta, haioni bomba lililo ndani. Na kwamba ukuta ule umelowa nilikuwa nauona kwa miwani yangu mwenyewe, bila malipo.

Ndipo mkwe wangu akampata huyu wa Arusha.

Alishuka garini, akanipita mlangoni, akauliza, "Mita iko wapi?" Hakuna shikamoo. Hakuna hata habari za hapa. Nikamjibu marahaba ili ajirekebishe. Hakujirekebisha. Baada ya hapo nikawa "bibi". Nina wajukuu, neno hilo silikatai kutoka kwao, lakini mtu ninayemlipa angeanza na "mama" tukaona tunaelewana vipi.

Akafunga valvu iliyo baada ya mita, kigurudumu kikasimama. Maana yake mvujo uko upande wa nyumba, si pale kwenye maungio ya mita. Akatenganisha bomba la maji moto na la baridi, akalifunga moja moja kwenye pampu ndogo ya mkono yenye geji, akapandisha presha hadi 6. La moto mshale ukatulia. La baridi mshale ukaanza kushuka, unauona kabisa. "Ni baridi," akasema. Hakuniambia mimi. Aliiambia geji.

Kisha akavaa hedifoni, akaweka chombo chake cha kusikilizia sakafuni, akaagiza friji izimwe, redio izimwe, mlango wa nyuma ufungwe. Mimi nikawa namuuliza kama mabomba yale hayapiti chini ya sebule. Akainua kidole bila kunitazama: "Hata wewe bibi, nyamaza kidogo."

Nimesimamia madarasa ya watoto sabini. Sijawahi kunyamazishwa nyumbani kwangu, hata na marehemu mume wangu.

Nilinyamaza. Si kwa kutaka, ni kwa mshangao. Na chombo chenyewe hakikusikia kitu cha maana, maana mabomba yangu ni ya plastiki, haya ya PPR, na plastiki inaimeza sauti. Mabomba ya chuma ya zamani ndiyo yanayopeleka mlio mbali. Hilo nimelijua kwa sababu alimweleza mjukuu wangu aliyekuwa anamshikia tochi. Alimweleza vizuri, kwa utaratibu, na mifano. Mimi mwenye nyumba na mwenye bili nikawa nadokoa somo la mtu mwingine. Angefaa kuwa mwalimu yule, kama kungekuwa na chuo kinachokubali wasiosalimia.

Akayaondoa maji bombani, akaleta mtungi wa gesi. Nikauliza ni gesi gani. Naitrojeni asilimia 95, haidrojeni asilimia 5. Nikamwambia haidrojeni inalipuka. Akacheka. "Bibi, kwa kiasi hiki haiwaki. Ingekuwa inalipuka mimi ningekuwa bado nipo?" Baadaye nilimuuliza mwenzangu aliyefundisha kemia sekondari, akasema kijana yuko sahihi, kwa mchanganyiko huo haishiki moto. Haya, kemia ilikuwa sahihi. Kinywa ndicho hakikuwa sahihi.

Haidrojeni ni nyepesi mno, ikitoka kwenye tundu la bomba inapenya mchanga, inapenya zege, inatokea kwenye maungio ya marumaru. Akapita na kifaa cha kunusa, polepole, marumaru baada ya marumaru. Kikawa kinalia kwa mbali, karibu na mlango wa jikoni kikapiga kelele. Nilipogeuka kumwita mkwe wangu aje aone, nikasikia *tsss*. Keshatoa kopo la rangi, keshachora njia ya bomba koridoni, na pale kelele ilipozidi kaweka msalaba. Hakuuliza. Nyumba hii ina boksi zima la chaki, mimi ni mwalimu!

"Chimbeni hapa." Yeye hachimbi. Laki mbili na nusu ni ya kuonyesha tu, kupasua na kutengeneza utajijua. Risiti ya EFD alitoa, nisimsingizie. Lakini nilipomwuliza rangi itatokaje, akasema, "Itatoka tu," akapandisha vioo.

Nitasema ukweli, nilitamani awe amekosea. Nilikaa kwenye stuli kumtazama fundi wa mtaani akipiga tindo, na moyoni naomba asikute kitu, nipate cha kumpigia simu yule kijana. Zege likatoka, moramu ikatoka imelowa tepetepe, bomba likaonekana. Tukafungua maji. Kwenye elbo, kile kiungo cha kona ya bomba, palepale chini ya msalaba, mchirizi ukaruka, mwembamba kama sindano ya kushonea, ukamchoma fundi shavuni. Wala haikuwa shibiri moja pembeni.

Elbo ile nimeihifadhi. Bomba la PPR linaunganishwa kwa kuyeyushwa na pasi yake, nyuzi 260, halafu unasukuma na kutulia. Upande mmoja pete ya plastiki iliyoyeyuka imejaa vizuri, upande wa pili haipo. Aliyejenga alilizungusha wakati linapoa ili likae sawa na ukuta, akalifukia, akalipwa, akaenda zake. Naye alikuwa na adabu sana, namkumbuka. Maji yakawa yanatoka jikoni, yanateremka ndani ya kifusi cha msingi chini ya zege. Mji huu wote umeinama kutoka mlimani kwenda kusini, kiwanja changu kimeinama nao, na chumba changu ndicho kiko kusini. Wakati sisi tunapasua bafu, tundu liko mlango wa jikoni.

Kigurudumu cha mita sasa kimetulia. Bili imerudi kwenye 12. Ukuta bado haujakauka wote, nimeambiwa nisiharakishe kupaka rangi, itabambuka tena.

Nyota ngapi? Kazi nampa zote. Nilipoanza kuandika nilikusudia kumpa moja. Halafu nakumbuka nilipiga simu ofisini kwao kuhusu korido, binti akanijibu kwamba kuweka alama ni sehemu ya kazi na mteja angetakiwa kufunika sakafu mapema. Nifunike sakafu! Ni nani aliyeniambia? Andikeni mbili. Sitamwita tena hata nyumba ielee.

Wiki hii jirani yangu kaja kunionyesha picha za ukuta wa stoo yake: umelowa chini, chumvi nyeupe, na mafundi wamemwambia ni mvua. Mvua gani, kwa jua hili? Nilimzungusha kwa maneno, nikamwandalia chai, mwisho nikampa namba ya yule kijana. Nimemwambia amkabidhi chaki mlangoni kabla hajafungua buti ya gari, na hela zote asimpe hadi fundi wake apasue na ayaone maji kwa macho.