Darasa la kujiandaa na kalkulasi: binti yangu alifedheheshwa kwa kuuliza swali

Nililipia darasa la likizo la kumwandaa binti yangu kwa kalkulasi, tawi la hisabati linalochunguza jinsi vitu vinavyobadilika, huku Marekani tunakoishi, na mpaka leo hasira haijanitoka. Kilichonivutia ni ahadi yao ya kufundisha kwa kikokotoo cha kuchora grafu, ambacho mtihani wa kalkulasi wa AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari) umekuwa ukikitaka tangu mwaka 1995.

Siku moja walikuwa wakitafuta kikomo cha sin x ÷ x, yaani namba ambayo jibu lake huisogelea x inapokaribia sifuri. Binti yangu aliingiza 0.1, kisha 0.01, kisha 0.001, na kila mara kikokotoo kikamjibu 0.01745, ilhali kitabu kilisema jibu ni 1. Akanyoosha mkono. Mwalimu, bila hata kusogea kuangalia, alimwambia mbele ya wenzake kwamba asiyejua kubonyeza vitufe hafai kuwa katika darasa hilo, na mtoto akanyamaza hadi kipindi kikaisha. Jioni nilikitazama kikokotoo mwenyewe: kilikuwa kimewekwa kwenye digrii badala ya radiani, kipimo kingine cha pembe ambapo digrii 180 ni sawa na radiani pai, na namba ile ni pai ikigawanywa kwa 180. Swali lake lilibeba somo zima, yaani kwa nini kalkulasi hupima pembe kwa radiani, na mwalimu anayeipenda kazi yake angelisimamisha darasa kwa ajili ya namba hiyo.

Ni haki niseme kwamba mwanzoni walifundisha vizuri. Walimwonyesha kuikuza grafu ya x² karibu na nukta moja mpaka mstari uliopinda ukaonekana umenyooka, akaelewa mwinamo kabla ya kupewa kanuni yoyote, na kwa hilo pekee nilikuwa tayari kuwashauri wazazi wengine wajaribu. Lakini kila nikikumbuka yaliyofuata, sioni tena sababu ya kuwasifu. Kazi ikabaki kubonyeza tu. Hakuna aliyewaambia kwamba kioo cha kikokotoo kinaweza kuchora (x²−4)/(x−2) kama mstari usiokatika, ingawa kwenye x = 2 hakuna thamani yoyote; wala kwamba katika mtihani wenyewe, maswali 30 kati ya 45 ya kuchagua jibu, na 4 kati ya 6 ya kuonyesha njia, hufanywa bila kikokotoo.

Nilipowapigia simu, ofisi ilinijibu kwamba mwalimu huyo ana uzoefu wa miaka mingi. Nilikuwa nimekusudia kuomba abadilishiwe mwalimu tu. Sasa nataka nirudishiwe ada yote, na binti yangu aombwe radhi mbele ya wanafunzi walewale walioshuhudia akifedheheshwa.