TAHADHARI: Anayeuza nyoka "wa Langtry" ambao si wa Langtry

Ndugu wafugaji, hasa tulioko Texas na majimbo ya jirani: mtu akikuuzia jozi ya nyoka-mfalme wa kijivu, Lampropeltis alterna, akidai ni ukoo halisi wa Langtry, kijiji kidogo cha Texas, usitume hata senti kabla ya kusoma haya.

Mwaka juzi nilinunua jozi kwa dola 700. Nikapewa na karatasi: Langtry, kaunti ya Val Verde, wazazi wa jike walikamatwa porini, na dume alimkamata muuzaji mwenyewe kando ya barabara. Niliamini kwa sababu jike alikuwa na mabaka mapana ya rangi ya chungwa, kama wengi wa upande ule. Hapo ndipo nilipokosea. Kwa alterna, rangi haithibitishi kwao ni wapi. Mayai ya jike mmoja huweza kutoa watoto wa mabaka mapana na watoto wa pingili (mistari inayokata mwili) nyembamba nyeusi. Hata wataalamu waliwahi kuwahesabu kuwa spishi mbili, wale wa mabaka mapana wakapewa jina la blairi mwaka 1950. Anayeitwa wa Langtry anaitwa hivyo kwa kumbukumbu zake: amekamatwa barabara gani, mwaka gani, na nani, wazazi ni wepi. Kumbukumbu zikishaghushiwa, hakuna jicho litakalozirudisha.

Mwaka huu nikaonyesha picha ya yule jike. Mzee mmoja aliyefuga nyoka hawa miaka mingi akanipigia simu: "Huyo kaanguliwa kwangu." Akanitumia picha yake ya utotoni. Pingili ya tatu imekatika upande wa kushoto, vilevile kama ilivyo leo. Mpangilio wa pingili haubadiliki nyoka akikua, kwa hiyo ni kama alama ya kidole. Mzee alimpata kwa dume wa Black Gap na jike wa Langtry, sehemu zilizoachana zaidi ya kilomita 100, akamuuza kwa bei ndogo na kuandika wazi: mchanganyiko. Neno hilo ndilo lililofutwa njiani.

Nikamrudia muuzaji, nikamuuliza habari za dume. Alisema alimkamata 2019. Tangu 2011, kutafuta nyoka kando ya barabara Texas kunataka leseni ya uwindaji yenye stempu ya reptilia, na kizibao chenye kuakisi mwanga. Nilipomwomba anionyeshe stempu ya mwaka huo, aliuliza stempu gani. Kisha akanifungia mawasiliano. Pesa nilishamlipa kwa njia ya kutumiana jamaa na marafiki, hazirudi.

Wiki iliyopita nimeona tangazo lake jipya. Picha ni zilezile, ila sasa wamekuwa nyoka wa Juno Road, sehemu nyingine ya Texas.

Kwa hiyo dai picha za wazazi wote wawili na za mtoto tangu alipoanguliwa, ulinganishe pingili moja baada ya nyingine. Dai jina la aliyewazalisha, kisha mpigie wewe mwenyewe. Mfugaji mkweli hakasiriki kuulizwa.

Kinachoniuma zaidi ni watoto. Yalianguliwa mayai saba, na wawili niliwapa wenzangu kwa jina la Langtry. Mmoja nimeshampata na amebadilisha lebo. Wa pili alihama na namba yake haipatikani. Kama ulichukua kwangu dume mdogo mwenye pingili 14 msimu uliopita, tafadhali usimpandishe kwa jike wa Langtry, na unitafute.