Daftari la jalada gumu: nimelitumia tangu nimalize shule

Nililinunua wiki niliyomaliza mtihani wa mwisho wa sekondari, nikiwa na miaka 18. Ni saizi ya A5, kurasa 192 zenye mistari, karatasi ya gramu 80. Sasa zimebaki kurasa chache tu.

Limeshonwa kwa uzi, halikugundishwa tu mgongoni, kwa hiyo ukilifungua linalala bapa mezani. Limekaa kwenye begi mwaka mzima na mgongo haujapasuka.

Ila kushonwa nako kuna jambo lake. Karatasi hukunjwa katikati ndipo ipitishwe uzi, nusu moja ikae mwanzoni mwa fungu, nusu ya pili mwishoni. Mimi sikulijua hilo. Ukurasa wa 3 niliandika kwa herufi kubwa kwamba sitafanya kazi isiyosaidia watu, na kwamba nitakuwa daktari. Matokeo yakatoka, alama hazikufika. Usiku uleule nikauchana na kuutupa.

Siku chache baadaye karatasi nyingine ikachomoka yenyewe: ukurasa wa 13, pacha wa ule niliouchana. Humo nilikuwa nimeeleza siku niliyokaa na bibi nikimsomea maelekezo ya dawa zake, mara tatu, mpaka akaweza kunirudishia mwenyewe bila kukosea. Nililia sana. Nikaurudisha kwa gundi, na umekaa vizuri mpaka leo ingawa ukingo umekuwa mgumu kidogo.

Tangu hapo sichani kitu. Nikibadili mawazo napiga mstari mmoja, maneno ya zamani yabaki yakisomeka. Udaktari nimeupigia mstari mara mbili na kuuandika upya mara moja. Ualimu umeingia. Sijaamua.

Jambo ninalolipenda kuliko yote: halina tarehe zilizochapwa. Kuna miezi miwili sikuandika neno, kila mtu akiniuliza nasomea nini, nami sina jibu. Niliporudi, ukurasa uliofuata ulikuwa unaofuata tu. Daftari la tarehe lingenionyesha siku sitini tupu.

Kwa wino wa kuchovya au wa kujaza, maandishi yanaonekana upande wa pili, tumia bolpeni. Na kurasa hazina namba, hiyo ni kasoro ya kweli. Zangu nimezihesabu na kuziandika kwa penseli, na nilipofika palipokuwa na ukurasa wa 3 na wa 4, niliruka namba zake.