El Anatsui ndani ya Tate Modern: tanga, wavu na ukuta wa vizibo

Kumwita El Anatsui mchongaji ni mazoea tu. Mghana huyu, mzaliwa wa Anyako mwaka 1944, alichonga kweli kwa miaka mingi, akikata mbao kwa msumeno wa injini na kuziunguza kwa moto. Lakini kazi zilizofanya jina lake lienee, mpaka akatunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho ya sanaa ya Venice, mwaka 2015 kwa mchango wake wa maisha, hazina patasi ndani yake. Ni ushonaji. Kwa hiyo Behind the Red Moon, maonyesho yake katika jumba la sanaa la Tate Modern jijini London yaliyoanza Oktoba 2023 na kufungwa Aprili 2024, yalitaka jicho la mtu anayeujua mshono kuliko la mtu anayeyajua mawe.

Tuanze na mshono wenyewe. Malighafi ni vizibo vya alumini vya chupa za pombe kali, vile vya kuzungusha. Kizibo kimoja hutoa vipande vitatu. Kuna kisahani cha juu, kuna utepe wa ubavuni ambao mara nyingi umeandikwa jina la kinywaji, na kuna kile kipete chembamba kinachokatika chupa inapofunguliwa mara ya kwanza. Utepe ukinyooshwa huwa kama kigae kirefu chenye rangi, na ukikunjwa au kusokotwa hutoa mistari minene. Visahani hubaki duara, au hufinywa. Vipete vikiungwa peke yake hutoa wavu mwepesi unaopitisha mwanga. Kila kipande hutobolewa pembeni, kikafungwa kwa jirani yake kwa waya mwembamba wa shaba ulionyongwa kwa mkono.

Shaba ina sababu. Ni laini, hunyongeka bila kukatika upesi, na hailiwi na kutu kama chuma. Kila fundo hucheza kidogo, na maelfu ya mafundo yanayocheza ndiyo yanayoifanya bati ijikunje kama nguo. Kasoro zake nazo zinajulikana. Tobo likikaa karibu mno na ukingo, alumini huchanika. Mstari wa juu kabisa hubeba uzito wa yote yaliyo chini yake, kwa hiyo ndio wa kwanza kulegea. Na shaba ikigusana na alumini mahali penye unyevunyevu, alumini huanza kuliwa. Ndani ya ukumbi mkavu hilo si la kuhofiwa.

Wasaidizi hushona vipande vidogovidogo kwanza. Vipande hivyo hutandazwa sakafuni, msanii huvipiga picha, huhamisha hiki, hugeuza kile, hupiga tena, na mpangilio ukikubali ndipo vinaunganishwa. Aliyewahi kuona mkeka ukitengenezwa haelezwi zaidi: ukili husukwa kwanza, mkeka hushonwa baadaye.

Ukumbi wa Turbine, ule mkubwa wa Tate Modern, ndio uliokuwa mtihani. Jengo lilikuwa kituo cha kufua umeme, na ukumbi huo una urefu wa zaidi ya mita 150 na kimo cha karibu mita 35. Kitu cha ukubwa wa kawaida humezwa humo. Anatsui aliugawa kwa mafungu matatu, kama safari ya baharini, na mtu aliyaona kwa kutembea. Kiingilio hakikuwepo.

La kwanza, The Red Moon, ni tanga. Lilining'inia likiwa limefura, na juu yake duara jekundu la vizibo, mwezi wa rangi ya damu kama unaoonekana ukipatwa. Hapa ndipo ufundi wa kutundika ulipodhihirika. Tanga la kweli hufura kwa upepo. Hili halina upepo, hivyo mkunjo wote hutokana na mahali kamba zinapovuta na mahali zinapoacha. Ukivuta kila upande sawasawa, kazi inakuwa bango la matangazo. Ukiacha mno, inalala kama shuka kwenye kamba ya nguo. Waliolitundika walipata kipimo, na tumbo la tanga lilisadikika hata kwa aliyesimama mbali.

The World ndilo fungu lenye kubishaniwa. Ni tabaka za maumbo yanayokumbusha miili ya watu, yameshonwa kwa vile vipete vyembamba, yanaelea kila moja kwa kina chake. Ukisimama mahali fulani, yanajipanga kuwa duara moja, dunia. Wazo ni zuri na hesabu yake si ya mchezo, maana umbo la nyuma lazima lipimwe kwa kadiri ya umbali wake ili likutane na la mbele. Lakini fumbo lenye jibu moja huisha likijibiwa. Duara likishaonekana, jicho huacha kuhangaika, na inachukua juhudi kurudi kwenye miili yenyewe. Bora zaidi ni hatua tatu kabla ya pale, watu wakiwa bado wametawanyika na dunia haijafungamana. Tungeridhika hata kama duara lisingekamilika.

Kisha The Wall, na hapa hakuna la kupunguza. Nguo nyeusi ya vizibo inashuka kutoka juu hadi sakafuni, na chini inamwagika na kuinuka kama mawimbi na miamba. Mtu angeweza kuitazama, akaridhika, akageuka kwenda zake. Angekosa nusu ya kazi. Nyuma yake weusi unatoweka: ni rangi ya fedha inayometameta, na vipande vya rangi nyingi vimetawanywa juu yake. Mshono ni uleule, kilichogeuka ni upande tu. Ubaya ni kwamba si kila mgeni huzunguka ukuta asipoambiwa, na kazi inayotegemea mgongo wake kiasi hiki ilistahili njia inayomsukuma mtu nyuma yake.

Mahali pia palisema. Henry Tate, ambaye jina lake liko mlangoni, alitajirika kwa sukari katika karne ya 19. Masalia ya sukari, molasi, ndiyo hutengenezewa ramu, na pombe kutoka ng'ambo ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizobadilishwa kwa watumwa katika pwani ya Afrika Magharibi. Kizibo cha chupa kikitundikwa kama tanga ndani ya jumba hilo, hakihitaji maelezo marefu ukutani.

Kazi hizi hazina umbo la kudumu. Hukunjwa, husafirishwa, na Anatsui huwaachia wanaozitundika waamue mikunjo. Kwa hiyo ukikutana na kazi yake kwingine, angalia kwanza mstari wa juu: umefungwa wapi, umeachwa wapi. Halafu tazama taa. Mwanga wa mbele moja kwa moja huua mikunjo; unaotoka ubavuni huiamsha. Palepale London, British Museum inamiliki Man's Cloth na Woman's Cloth, kazi zake za mwanzo za vizibo, ndogo kuliko hizi za Ukumbi wa Turbine.