Uzoefu wangu: mihadhara 12 ya sauti kuhusu falme za Anglo-Saxon (nyota 4, ramani hakuna)

Nilinunua mihadhara hii kwa sababu moja tu: majina. Oswald, Oswiu, Oswine, Æthelfrith, Æthelbert, nilikuwa nakwama nao kila nikigusa historia ya Uingereza kabla Wanormani hawajaiteka. Nimesikiliza yote kwa wiki tatu, mingi nikiwa napiga pasi, na sasa angalau najua nani alimuua nani.

Fedha yangu ilirudi kwenye mhadhara wa 4. Mwalimu haorodheshi vita, anamfuata mkimbizi mmoja. Edwin, mwana wa mfalme, anawindwa na Æthelfrith, mfalme wa Northumbria kule kaskazini, anaomba hifadhi kwa Rædwald, mfalme wa East Anglia. Wajumbe wanakuja na fedha mara tatu: muue mgeni wako, la sivyo ni vita. Rædwald yuko mbioni kukubali, mkewe ndiye anayemkanya asimuuze rafiki kwa dhahabu. Basi mwaka 616 Rædwald anatangulia kushambulia, kando ya mto Idle. Æthelfrith anauawa, lakini Rædwald naye anampoteza mwanawe Rægenhere. Edwin anapewa kiti cha Northumbria, na sasa watoto wa Æthelfrith ndio wanaokimbilia kaskazini! Mmoja wao, Oswald, atarudi. Hapo nikaelewa kwamba kumpa hifadhi mwana wa mfalme wa watu kulikuwa sawa na kunoa panga.

Mhadhara wa dhahabu ya Staffordshire, iliyofukuliwa mwaka 2009, nao ni mtamu. Vipande zaidi ya 4,000, vingi vimebanduliwa kwenye mipini ya panga, na mapambo ya wanawake hayamo. Mfalme aliwalisha na kuwapamba askari wake kwa nyara. Nyara zikikatika, nao wanamtafuta bwana mwingine.

Penda, mfalme wa Mercia, jamani, kaonewa. Huyu alishirikiana na Cadwallon, mfalme wa Gwynedd huko Wales, wakamuua Edwin mwaka 633, akamuua Oswald mwaka 642, na yeye akaja kuangushwa na Oswiu, mdogo wake Oswald, mwaka 655 kwenye mto Winwæd uliofurika. Miaka zaidi ya ishirini ya vita, anapewa dakika tisa. Tena karibu yote tunayoyajua juu yake yametoka kwa Bede, mtawa wa Northumbria aliyekamilisha kitabu chake mwaka 731, yaani upande wa maadui zake. Na Bede mwenyewe anakiri kwamba Penda, mpagani, hakuzuia Ukristo kuhubiriwa nchini mwake. Mwalimu hakuligusa hilo hata kidogo.

Programu yenyewe inakula bando, pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Mihadhara ya 1 na ya 2 ruka tu.

Kuhusu ramani, niliwaandikia wauzaji, wakanijibu inauzwa kando. Nikachora yangu nyuma ya kalenda ya mwaka jana: mto Humber katikati, Northumbria juu, Mercia chini, East Anglia kulia. Imenitosha.