Mafunzo ya kusuluhisha watu wa shari, na mkufunzi aliyenigeuza mfano

Nilisema ningoje hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka, basi naandika hivyo hivyo.

Ni mafunzo ya usuluhishi, yale ya saa 40, yenye sehemu mahsusi kuhusu watu ambao hawapatanishiki kirahisi: anayepiga meza, anayetuma ujumbe kumi usiku wa manane, anayetoka kikaoni kwa kubamiza mlango kisha anarudi kudai kwamba amefukuzwa. Darasani tuliwaita watu wa shari. Ratiba, ada na mada mtazisoma kwenye matangazo yao. Kampuni siitaji. Mimi nina dakika nne tu za kuzungumzia kati ya zile saa 40.

Kazi yangu ni kupokea malalamiko ya wafanyakazi, kwa hiyo sikwenda pale kutafuta cheti cha kutundika. Nilikwenda na swali. Wapo watu ambao hawapaswi kuketishwa meza moja: mmoja anamtishia mwenzake, au anampiga, na yule anayetishwa atasaini lolote ilimradi atoke salama. Msuluhishi makini humhoji kila mmoja peke yake kabla ya kikao cha kwanza ili aone kama kuna vitisho. Sawa, hilo lilisemwa. Nikauliza: je, nikiigundua hofu katikati ya kikao, nakivunjaje bila kumwacha mwenye hofu mikononi mwa mwenzake?

"Tutafika huko," akasema mkufunzi.

Hatukufika. Asubuhi nzima iliyofuata tulipewa Mkataba wa Singapore, ule wa kutambua na kutekeleza makubaliano ya usuluhishi wa biashara za kimataifa, uliotiwa saini mwaka 2019 na nchi 46 kwa siku moja. Sikatai, ni jambo zito kwa wanaosuluhisha kampuni za nchi mbalimbali. Ila mkataba wenyewe unaweka kando migogoro ya familia, mirathi na kazi, na darasa letu lilijaa watu wa familia na wa kazi! Nikauliza tena swali langu. "Tutafika huko." Nadhani ndipo aliponiandika kwenye daftari lake la moyoni.

Siku ya tatu ikaja, siku ya igizo dhima. Washirika wawili wa biashara wanaachana na wanagombania mali. Nikapewa kadi: unaamini umeibiwa, usikubali pendekezo la kwanza. Mkufunzi mwenyewe akakaa kiti cha msuluhishi ili atuonyeshe namna ya kumtuliza mtu kwa huruma, usikivu na heshima. Akaanza vizuri, akainama kidogo kunisogelea, akasema, "Naelewa unavyojisikia, lakini..."

Hiyo "lakini" ndiyo aliyokuwa ametukataza saa moja kabla. Inafuta yote yaliyotangulia, alisema, na akaipigia mstari ubaoni.

Nikamjibu kama kadi inavyotaka: "Huelewi chochote. Wewe hujaibiwa."

Darasa likacheka. Lilikuwa cheko la watu wanaofurahia igizo, hakuna aliyemcheka yeye. Lakini uso ulimbadilika. Akaniacha pale pale, akaligeukia darasa, akasema: "Mmeona? Huyu ndiye mtu wa migogoro mikali tunayemzungumzia. Tangu juzi ni maswali tu. Na kwa dada huyu, hili si igizo."

Kimya. Mtu mmoja akakohoa. Mimi nimeshika kadi yangu kama mtoto aliyeshikwa na kitu kisicho chake.

Sasa sikilizeni kwa nini sijalala vizuri tangu hapo. Jioni ya jana yake alikuwa ametuandikisha mambo manne ambayo msuluhishi anayaacha mlangoni akikutana na mtu wa shari. Usihangaike kumfanya ajione alivyo. Usichimbue yaliyopita. Usimchokonoe hisia. Na usithubutu kumwambia usoni kwamba yeye ni mtu wa namna hiyo: dhana hiyo ibaki kifuani mwako, ikusaidie kujipanga wewe, basi. Akayavunja yote manne kwa pumzi moja, mbele ya watu aliowafundisha, huku karatasi yenye hayo manne ikiwa bado imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake.

Na wala si yake. Ni ya Bill Eddy, mwanasheria na msuluhishi wa Marekani ambaye kabla ya sheria alikuwa mtaalamu wa tiba ya nafsi. Mkufunzi wetu alikuwa anamnukuu tu. Naisema hii ili lawama zisimwendee asiyehusika. Mbinu hazikunikosea kitu.

Mzee mmoja aliyekaa nyuma, mtu wa maneno machache, ndiye aliyevunja ule ukimya. "Mwalimu, hapo umemkosea dada." Akajibiwa kwamba muda umekwisha, twende mapumziko. Nilikwenda chooni nikakaa huko mapumziko yote. Ndiyo, nililia. Afisa wa malalamiko, mtu mzima na akili zangu.

Nikiwa narudi nikakutana kwenye korido na mkufunzi wa pili, kijana ambaye siku zote mbili alikuwa anagawa karatasi na kurekebisha projekta. Akaniuliza, "Lile swali lako ulishajibiwa?" Kisha akanijibu akiwa amesimama, chupa ya maji mkononi. Unatangaza kikao cha faragha kama jambo la kawaida, kila mmoja chumba chake, na unaongea na wote wawili ili asionekane mmoja ndiye ameomba. Ukiamua kusitisha, sababu unaibeba wewe: mimi kama msuluhishi naona hatuwezi kuendelea leo. Husemi kamwe kwamba mwenzako ameogopa. Mwenye hofu anaondoka kwanza, na yule mwingine unabaki naye, unamwongelesha, mpaka mwenzake awe ameshafika mbali. Dakika mbili, jamani. Siku tatu nimeambiwa tutafika huko, na huko kulikuwa ni kwenye korido.

Nilipofika nyumbani nikaandika barua pepe ya malalamiko. Jibu likaja, kurasa tatu! Kutoka kwa mtu aliyetufundisha kwamba ujumbe wa hasira unajibiwa kwa aya moja, iwe fupi, yenye taarifa, ya kirafiki na thabiti. "Lakini" nilizihesabu, zilikuwa 11. Ndani yake nikaambiwa kwamba baadhi ya washiriki hujihisi kushambuliwa kwa urahisi.

Usiku huo nikaandika kurasa nne. Nilimwita mnafiki, nikamkumbusha ubao, karatasi ya ukutani, mzee wa nyuma, vyote. Kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma, nikakumbuka ile aya moja. Nilikasirika zaidi kuikumbuka, maana yeye ndiye aliyenifundisha. Nikafuta. Nikaandika hivi:

"Asante kwa kunijibu. Siku ya tatu niliitwa mtu wa migogoro mikali mbele ya darasa, na swali langu kuhusu vitisho halikujibiwa darasani. Naomba lijibiwe kwa maandishi kwa washiriki wote, nami nirudie igizo lile chini ya mkufunzi mwingine. Nitashukuru kupata uamuzi wenu kufikia Ijumaa."

Ijumaa haikufika. Wamekubali yote mawili. Wakaongeza na la tatu: wako tayari kuandaa kikao cha usuluhishi kati yangu na mkufunzi, na msuluhishi atakuwa mwenye kampuni mwenzake. Nilicheka peke yangu sebuleni. Msuluhishi anayegawana faida na mmoja wa wadaawa! Somo la kutoegemea upande lilikuwa ukurasa wa kwanza wa kitabu chao. Nikajibu kwa neno moja, hapana, na asante.

Kwa hiyo nilipofungua ukurasa huu nilitaka kuwaambia msipoteze hela zenu. Tatizo ni kilichotokea kazini. Tuna msimamizi ambaye kwa miezi mingi amekuwa akija ofisini kwangu na faili la makosa ya mwenzake, faili nene, kila mara limeongezeka. Safari hii sikumwambia atulie. Nilimwambia, "Naona jambo hili limekuchosha sana, nataka kulisikia." Nikakomea hapo, hakuna lakini. Alipomaliza nikauliza, "Unapendekeza nini kifanyike?" Nani afanye nini, lini, wapi. Hakuwa nalo! Miezi yote hiyo alikuwa na makosa ya mwenzake tu, pendekezo hata moja hana. Akaenda, akarudi kesho yake na karatasi ya mistari mitatu kuhusu kupanga zamu. Mwenzake alikuwa na majibu ya kuchagua: ndiyo, hapana, au nitalifikiria. Akasema atalifikiria. Siku mbili baadaye akasema ndiyo kwa mistari miwili.

Hawajawa marafiki, na faili bado analo. Ila hajaja nalo tena mpaka leo.

Basi niseme nini? Nendeni, ila ulizeni kwanza nani anasimamia maigizo, na akiwa yule kijana wa projekta, lipeni bila kusita. Akiwa yule mwingine... sijui. Kila nikitumia alichonifundisha kinafanya kazi, na kila kikifanya kazi namsikia tena akisema "na kwa dada huyu". Nilimpa nyota moja, nikapandisha zikawa tatu, sasa hivi nimerudisha mbili, na sitaki kugusa tena.

Cheti kimefika juzi. Kina sahihi mbili, ya kwanza ni yake, kubwa, imepita hadi juu ya jina langu. Bosi ameshaniuliza mara mbili kwa nini sikitundiki.